Majina ya Mahali ya Kianglo-Saksoni: Asili na Maana

Majina ya mahali ya Kianglo-Saksoni ni yale yaliyoundwa kwa Kiingereza cha Kale, lugha iliyokua nchini Uingereza baada ya Waangli, Wasaksoni na Wajuti kuhamia huko kuanzia karne ya 5 kutoka Ujerumani ya kaskazini na Denmark. Jina la aina hii lilikuwa maelezo ya wazi: aliyelisikia alielewa maana yake papo hapo. Leo maana hiyo imefichika, kwa kuwa matamshi na tahajia vimebadilika. Kwa sababu hiyo, ufafanuzi wa jina hutegemea umbo lake la kale lililoandikwa, wala si umbo la sasa.

Muundo

Majina mengi yana sehemu mbili. Ya pili hutaja aina ya mahali; ya kwanza hutaja mmiliki, mnyama, zao au sifa. Mpangilio huu ni kinyume cha ule wa Kiswahili, ambamo nomino kuu hutangulia.

Viishio vya kawaida

-ton (tūn): uwanja uliozungushiwa ua, baadaye shamba, kisha kijiji.
-ham (hām): makazi. Birmingham: makazi ya watu wa Beorma.
-bury, -borough (burh): ngome. Canterbury: ngome ya watu wa Kent. Umbo -bury limetokana na byrig, yaani "ngomeni": uhusika wa mahali uliofanya kazi inayokaribiana na ile ya kiambishi -ni cha Kiswahili.
-ford: mahali pa kuvukia mto kwa miguu. Oxford: kivuko cha maksai.
-ley (lēah): msitu, au eneo la wazi ndani ya msitu.
-wick, -wich (wīc): makazi au shamba lenye shughuli maalumu. Chiswick: shamba la jibini.
-ing, -ings (-ingas): watu au wafuasi wa fulani. Hastings: watu wa Hæsta.
-chester (ceaster): mji au ngome ya Kirumi. Neno lenyewe lilikopwa kutoka Kilatini, castra.

Maumbo yanayopotosha

Kufanana kwa viishio si ushahidi wa asili moja. Durham haina hām. Umbo lake la kale ni Dunholm, lenye dūn, "kilima", na neno la Kiskandinavia holmr, "kisiwa". Kiishio -ham pia huweza kutokana na hamm, ardhi iliyozungukwa na maji au kinamasi.

Cambridge huonekana kumaanisha "daraja la mto Cam". Hata hivyo, jina la kale ni Grantabrycge, daraja la mto Granta. Matamshi ya jina la mji yalipobadilika, mto ndio uliopewa jina jipya kutokana na mji.

Nottingham ilianza na S: Domesday Book, rejesta ya ardhi ya mwaka 1086, inaandika Snotingeham, makazi ya watu wa Snot.

York inaonyesha upotoshaji wa zamani zaidi. Warumi waliuita mji huo Eboracum, jina lenye asili ya Kikelti. Waanglo-Saksoni walilisikia kana kwamba lina neno lao eofor, "nguruwe mwitu dume", wakaunda Eoforwic. Nguruwe huyo, basi, ni zao la masikio ya wageni. Hakuwamo katika jina la awali.

Matumizi katika tafsiri

Jina lenyewe halitafsiriwi: Oxford hubaki Oxford. Maana hutolewa tu pale ambapo hoja ya matini inaitegemea, na ni vyema kutumia wakati uliopita: "Oxford, jina lililomaanisha kivuko cha maksai". Wakati uliopo ungedokeza kwamba msemaji wa leo bado anaisikia maana hiyo. Kabla ya kuiandika, mfasiri athibitishe umbo la kale katika kamusi ya majina ya mahali. Kuligawa jina la sasa vipande na kutafsiri kila kipande humpa msomaji mto usiokuwapo na nguruwe asiyehusika.