Mchimbaji aliyeshinda kesi baada ya kufa

Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimpa haki Thembekile Mankayi, mchimbaji aliyeishitaki kampuni ya dhahabu ya AngloGold Ashanti. Hukumu ilisomwa Machi 3, 2011. Mwenyewe hakuisikia, alikuwa amefariki dunia siku chache kabla.

Maradhi ya mapafu aliyougua yalikuwepo migodini kabla hajazaliwa. Dhahabu ya Witwatersrand, iliyogunduliwa 1886, imo ndani ya mwamba wenye silika nyingi. Mashine za kutoboa mwamba zilifanya kazi bila maji, zikatoa vumbi laini lipenyalo hadi kwenye vifuko vya hewa. Huko seli za kinga huimeza silika, nazo hufa. Pafu huota kovu lisilopona, na kifua kikuu hupata pa kuingilia. Baada ya Vita vya Makaburu serikali ilihesabu watoboaji 1,377 waliokuwa kazini kabla ya vita: 225 walikuwa wameshakufa. Sheria za fidia zilifuata kuanzia 1911, Mzungu akilipwa vizuri kuliko Mwafrika.

Mankayi alifanya kazi mgodi wa Vaal Reefs kuanzia 1979 hadi 1995. Alitoka na vumbi kifuani na kifua kikuu, akalipwa fidia ya randi 16,320. Miaka 16 chini ya ardhi! Akaidai kampuni randi milioni 2.6. Kampuni ikashikilia kwamba sheria inamzuia mfanyakazi kumshitaki mwajiri. Mahakama Kuu ikaafiki, ya Rufani nayo ikaafiki. Mahakama ya Katiba ikakataa: kizuizi kile hakikuwahusu wachimbaji, ambao magonjwa yao yalitengewa sheria nyingine yenye malipo duni.

Mwaka 2018 kampuni sita zilikubali kulipa wagonjwa takriban randi bilioni 5. Wanaohusika ni waliofanya kazi tangu Machi 12, 1965. Vijana wa Tanganyika waliochukuliwa kwenda migodi hiyo na shirika la kuajiri lililoitwa Wenela walikuwa wamesharudi nyumbani kabla ya tarehe hiyo, maana uhuru ulikomesha safari hizo. Wazee wetu hao hawakuingia kwenye makubaliano hayo.

Na vumbi lenyewe tunalo. Vipimo vilivyochapishwa 2015 kwa wachimbaji wadogo wa Tanzania vilikuta silika mashimoni ikizidi kikomo cha usalama zaidi ya mara 200. Wizara ya Madini na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wahakikishe mwamba unalowanishwa kabla ya kutobolewa na kabla ya kuingia kwenye karasha, na wachimbaji wapigwe picha za kifua wangali na nguvu zao.