Peptidi za kuua vimelea

Peptidi za kuua vimelea ni minyororo mifupi ya asidi amino, kwa kawaida isiyozidi 50, inayotengenezwa na wanyama, mimea na bakteria kama kinga ya asili. Nyingi zina chaji chanya: hunata kwenye utando wa bakteria wenye chaji hasi na kuutoboa. Huchunguzwa kama mbadala wa antibiotiki ambazo vimelea vimezijengea usugu, ingawa usugu dhidi ya peptidi nao hutokea.

Historia. Mwaka 1981 Hans Boman wa Sweden na wenzake walieleza peptidi za sekropini kutoka kwa nondo. Mwaka 1987 Michael Zasloff wa Marekani alitangaza peptidi za magainini, zilizopatikana katika ngozi ya chura wa Afrika, *Xenopus laevis*.

Ufipa na Rukwa. Katika uwanda wa juu wa Ufipa nchini Tanzania, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mfano wa karibu wa kiumbe chenye peptidi hizi ni nyuki wa asali, *Apis mellifera*. Sumu yake ina peptidi ya melitini. Maziwa ya nyuki na asali vina peptidi nyingine, difensini-1. Mbung'o wa nyanda za chini hutumia atasini kujikinga na vimelea vya tripanosoma.

Mipaka. Vimeng'enya vya mwili huzivunja peptidi hizi haraka, utengenezaji wake ni ghali, na melitini hupasua pia chembe nyekundu za damu. Kolistini, peptidi itokanayo na bakteria, hudhuru figo, hivyo huwekwa akiba kwa maambukizi sugu. Ili kukabili usugu kama huo, Tanzania ilitekeleza mpango wa kitaifa dhidi ya usugu wa vimelea wa 2017–2022.