Fahali Asiye na Kitabu

Anayetoka Ngara kuelekea Kariokor, jijini Nairobi, hupita Race Course Road, na sidhani abiria wengi wa matatu za Eastleigh hujiuliza farasi walienda wapi. Walikuwepo. Wazungu wa Nairobi walishindanisha farasi wao upande huo wa mji tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, mpaka uwanja ulipohamishiwa Ngong Road mwaka 1954. Lakini kwa Wakamba, Kariokor ina kumbukumbu nyingine. Mwishoni mwa Julai 1938 watu zaidi ya elfu moja, waume kwa wake na watoto wao, walitoka Machakos wakaja kupiga kambi hapo, wakasema hawaendi popote mpaka Gavana awasikilize. Shauri lao lilikuwa ng'ombe.

Farasi wa mbio na ng'ombe wa Mkamba walikuwa majirani basi, ila hawakuwa na hadhi moja. Farasi wa mbio ana kitabu. Daftari la ukoo wa farasi hao lilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791, na hadi leo mtoto asiyeandikwa humo, awe na mbio za upepo, hahesabiwi kuwa wa damu hiyo. Ukifuata baba, babu na baba wa babu wa farasi yeyote wa mbio duniani, utafika kwa madume watatu tu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki katika karne ya 17 na ya 18. Fahali wa Ukambani hakuandikiwa hata mstari mmoja. Alichoandikiwa na maafisa wa serikali ya kikoloni ni kwamba yeye ni taka: mdogo, mwembamba, anayekula majani bure.

Farasi mwenyewe asingeweza kuishi Makueni, huko huko Ukambani, wakati huo. Reli ilipokuwa ikipita Kibwezi na Makindu mwishoni mwa karne ya 19, wanyama wa mizigo waliangamizwa na mbung'o, na kuna maradhi mengine yanayoenezwa na visubi ambayo huua farasi kwa siku chache huku punda akinusurika. Nchi ile ilikuwa na masharti yake kwa kila mnyama aliyeingia.

Ng'ombe wa Wakamba aliyatimiza. Ni zebu mfupi, mwenye nundu, anayetembea mbali kutafuta maji na kurudi na uhai wake. Zamani wenye mifugo mingi hawakuiweka yote nyumbani. Vijana waliipeleka weu, nyika isiyo na mwenyewe, wakaishi nayo kwenye kambi za ng'ombe zinazoitwa syengo. Huko ndiko fahali alikochujwa. Ndama dume wengi walihasiwa au kuchinjwa, akaachwa mmoja au wawili ambao mwenye zizi aliwaamini kwa sababu ya mama zao: aliyekamuliwa hata kiangazi, aliyezaa kila mwaka. Sotoka ilipita miaka ya 1890, ikafuatwa na njaa ya Ngomanisye ya 1898 na 1899. Mafahali waliobaki baada ya hapo walikuwa wameshindana na kitu kikali kuliko farasi mwenzao.

Miaka thelathini na kitu baadaye mifugo ilikuwa imeongezeka tena, na nafasi ilikuwa imepungua. Walowezi walikuwa wamechukua Mua Hills na mashamba ya upande wa Ulu, na nyanda za Yatta, Wakamba walikozoea kulishia, zikawa za kuingia kwa ruhusa. Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, ikaanza kuchunika udongo. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko huo. Tusijidanganye, makorongo yalikuwepo, na wazee wa Iveti na Kangundo waliyaona kwa macho yao. Ila dawa iliyoletwa ilikuwa ya ajabu. Badala ya kufungua Yatta, serikali iliamua kupunguza ng'ombe.

Maafisa walipiga hesabu ya mifugo ambayo kila eneo lingeweza kubeba. Waliozidi walitakiwa kuuzwa, mwenyewe apende asipende. Mnunuzi alikuwa tayari: kampuni ya Liebig ilikuwa imefungua kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda hakiwezi kukaa bila ng'ombe. Bei zilikuwa duni. Mtu aliyetunza zizi kwa miaka ishirini alimwona ng'ombe wake akipigiwa mnada kwa shilingi chache, akaenda kusagwa awe nyama ya kopo.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia kwenye idadi na bei. Mimi naona hasara kubwa ilikuwa kwenye uzao. Afisa anayetafuta wa kuondoa humtazama ng'ombe kwa umbo, na macho yake yamezoea ng'ombe wa Ulaya. Hajui kwamba yule jike aliyekonda ndiye aliyelea ndama wanne katika ukame, wala kwamba fahali mfupi mwenye rangi ya vumbi ni mjukuu wa aliyevuka Ngomanisye. Mwenye zizi alijua, lakini elimu yake ilikuwa kichwani, na hakuna mahakama ya mkoloni iliyopokea ushahidi wa kichwani.

Ndipo Ukamba Members Association ikazaliwa, na Muindi Mbingu akawa sauti yake. Watu walikula kiapo cha kutouza. Wakaingia Nairobi, wakakaa Kariokor kwa majuma. Gavana Robert Brooke-Popham aliwataka warudi kwanza nyumbani, kisha ndipo atawasikiliza. Mwezi Agosti alikwenda Machakos kuhutubia baraza. Mbingu alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Ilikuwa na hofu yake: askari wengi wa King's African Rifles na wa polisi walikuwa Wakamba, na vita vilikuwa vinanukia Ulaya. Leo katikati ya Nairobi kuna barabara yenye jina la Muindi Mbingu. Ya farasi iko Ngara, ya mtetezi wa ng'ombe iko karibu na Soko la Jiji, na kwa hilo walioigawia mitaa majina walitenda haki.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ilikuja na mpango mwingine. Vichaka vya Makueni vikafyekwa kuondoa mbung'o, familia kutoka milimani zikapewa mashamba kwa masharti, na idadi ya mifugo ikawa miongoni mwa masharti hayo. Wengi waliogopa kwenda mwanzoni, na mwenye kuogopa alikuwa na sababu, maana alishaona masharti ya serikali yalivyomfikisha Kariokor. Baadaye walikwenda kwa wingi. Makueni ikawa wilaya kamili mwaka 1992, ikitengwa na Machakos.

Kuhusu fahali mwenyewe, fikra ilibadilika: kama wa kienyeji ni mdogo, aletewe mume mkubwa. Tangu 1939, mwaka mmoja tu baada ya Kariokor, Kenya ilianza kuagiza mafahali wa Sahiwal, wenye asili ya Punjab, ng'ombe wekundu wenye ngozi iliyolegea, wa maziwa, wanaostahimili joto. Mwaka 1962 kituo cha taifa cha kuwazalisha kikawekwa Naivasha. Kule Kabete, kituo cha uhamilishaji kilikuwa kimeanza tangu 1946, na mbegu ya fahali mmoja ikaweza kusambazwa kwa mamia ya majike asiowahi kuwaona. Wenye farasi wa mbio wamelikataa jambo hilo mpaka leo. Kwao mtoto wa uhamilishaji haandikwi kitabuni, lazima dume apande mwenyewe.

Chupa ya naitrojeni ya kuhifadhia mbegu, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri ni kitu kimoja Kabete na ni kitu kingine Mutha, kusini mwa Kitui. Huko ng'ombe huchungwa mbali, dalili za joto huonekana alfajiri kwa saa chache, na mhamilishaji yuko kilomita nyingi akisubiri pikipiki. Ndiyo maana Kitui na sehemu kubwa ya Makueni bado zinategemea dume anayetembea kwa miguu yake. Na miaka hii, dume huyo mara nyingi ni beberu.

Galla ndiye anayetajwa zaidi. Ni mbuzi wa Waborana na Wasomali wa kaskazini, mweupe, mwenye ngozi nyeusi puani na kwenye kwato. Beberu wake aliyekomaa anaweza kufika kilo 70, wakati mbuzi mdogo wa kienyeji hafiki hata nusu ya hapo mara nyingi. Kituo cha utafiti cha Kiboko, kando ya barabara kuu ya Mombasa karibu na Makindu, kimewazalisha kwa miaka mingi, na serikali za kaunti za Kitui na Makueni zimewagawa kwa wafugaji.

Nenda mnada wa Emali, Wakamba na Wamaasai wanapokutana, utazame mnunuzi mzoefu anavyomkagua beberu. Kwanza humshika taya na kushusha mdomo wa chini: meno mawili makubwa katikati, basi amepita mwaka, manne, anakaribia au amefika miaka miwili, yote manane, mzee anaanza kuuzwa kama kijana. Kisha mkono huenda nyuma kupima kende, zote mbili zilingane, zisiwe na uvimbe. Humtembeza hatua chache aone kwato. Wengine huuliza kama alikuwa akifungwa kipande cha gunia au mpira tumboni, kizuizi ambacho wafugaji humvisha beberu ili asipande majike nje ya msimu, watoto wasije wakazaliwa katikati ya kiangazi. Maswali yote hayo ni ya maana. Ila lile la baba yake ni nani, na dada zake walizaa mapacha au la, halina majibu, maana muuzaji naye alimnunua mnadani.

Kuna waliojaribu kulijibu swali hilo. Shirika la Farm Africa, lililoanza na mbuzi wa maziwa wa Toggenburg upande wa Meru katika miaka ya 1990, lilikuja baadaye Kitui na Mwingi. Mpango wake ulikuwa rahisi: beberu anakaa kwa mwanakikundi mmoja, majirani wanaleta majike, na baada ya mwaka na kitu anahamishiwa kikundi kingine ili asije akapanda binti zake mwenyewe. Kinachofanya mpango huo usimame ni daftari. Likipotea, beberu anarudi kwa wanawe na watu wanalaumu kabila la mbuzi.

Thamani ya daftari huonekana kwa farasi wa mbio wa Kanada, Northern Dancer. Aliwekwa sokoni akiwa na mwaka mmoja kwa dola 25,000, na hakuna aliyemtaka. Alikuwa mfupi. Mwaka 1964 alishinda mbio za Kentucky Derby kwa dakika mbili kamili, na katika miaka ya 1980 malipo ya kupandishiwa jike mmoja yalifika dola milioni moja. Hawakumlipia sura. Kila mtoto wake alikuwa ameandikwa, na kila mbio aliyoshinda mtoto huyo iliandikwa pia, mpaka hesabu ikawa haibishaniwi.

Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini Kenya. Kitui na Makueni wapo mabeberu na mafahali waliouvuka, na mama zao waliouvuka wakiwa na mimba. Maafisa wa mifugo wa kaunti hizi mbili wawaorodheshe hao kabla ya kununua wengine kutoka mbali. Na wewe unayekwenda mnadani, mshike beberu meno kama kawaida, kisha umuulize mwenye mali: mama yake alikuwa wapi mwaka wa 2022?