Mzee wa Padua na Mizani Yake

Matabibu wa kale waliuwekea uzee mlango wake katika vitabu vyao, wala hawakuuhesabu kuwa ni ugonjwa. Jalinusi, Myunani aliyewatibu makaisari wa Roma katika karne ya pili, amesimulia habari za tabibu mwenzake aitwaye Antiochus, ambaye, ingawa alikuwa amepita miaka 80, alitoka nyumbani kwake kila siku kwa miguu hadi uwanja wa mji, akala mkate kwa asali, akazungumza na watu, akasoma, kisha akasingwa mwili na kuoga kabla ya chakula. Abu Ali ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, aliifuata njia hiyo katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, akawausia wazee kusingwa kwa mafuta, mazoezi ya wastani, na chakula kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Yeye mwenyewe uzee hakuufikia, kwani alifariki Hamadani mwaka 1037 akiwa na umri upatao miaka 57. Ila kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikasomeshwa karne nyingi katika vyuo vya Ulaya, chuo cha Padua huko Italia kikiwamo.

Katika mji huo aliishi tajiri mmoja, Alvise Cornaro, ambaye ujana wake aliupitisha katika karamu, hata alipofika miaka 35 akawa hana raha ya mwili: tumbo, jongo, homa ndogo isiyokatika, na kiu isiyozimika. Matabibu walikuwa wamekwisha kumkataza anasa, naye, kama wafanyavyo wagonjwa wengi, akila apendacho na kuwaficha. Lakini walipomwambia kuwa asipojizuia hatapita miezi michache alitii, na kabla ya kutimia mwaka akapona. Tangu hapo akajikadiria posho ya kila siku: wakia 12 za chakula, yaani mkate, kiini cha yai, nyama na mchuzi, pamoja na wakia 14 za mvinyo, ambao tumwachie yeye na desturi ya kwao.

Kisa kitamu kuliko vyote katika risala yake, iliyopigwa chapa Padua mwaka 1558, ni kile cha wakia mbili. Alipokuwa mzee, jamaa zake na matabibu walimshika wakidai kuwa chakula kile hakimtoshi mtu wa umri wake, naye akawajibu kwamba tumbo nalo huzeeka na nguvu zake za kusaga hupungua; hatimaye, ili asionekane mkaidi, akakubali kuongeza wakia mbili za chakula na mbili za kinywaji. Haukupita muda ila yule mzee mchangamfu amekuwa mzito wa roho na mwepesi wa hasira; siku ya kumi na mbili akashikwa na maumivu ya ubavu kwa saa 22, kisha homa ya siku 35, hata watu wakamkatia tamaa. Akairudia posho yake ya zamani, akainuka. Sisi tuliolelewa katika nyumba ambamo mgeni akikataa kuongezwa wali huhesabiwa kuwa amemvunjia heshima mwenyeji, hatuna budi kumhurumia.

Lakini wasomaji wake wameitazama mno mizani, wakamsahau mwenye mizani. Cornaro alikausha mabwawa akayageuza kuwa mashamba. Mwaka 1524 alijenga uani kwake, kwa mkono wa msanifu majengo Falconetto, ukumbi ambao hata sasa umesimama. Alimkirimu Ruzante, mtunzi wa michezo ya kuigiza. Na katika uzee alipanda farasi bila kushikwa, akapanda ngazi na vilima kwa miguu, akaandika kila siku, akaimba, akacheza na wajukuu zake 11. Aliepuka pia baridi kali, jua kali, kukesha, huzuni na ghadhabu. Hayo ameyaeleza kwa majivuno kidogo, na hata umri wake aliuzidisha, kwani wanahistoria walioupima wanaona alizaliwa karibu na mwaka 1484, hivyo alipofariki mwaka 1566 alikuwa na miaka 82 au karibu yake, wala si mia kama ilivyovuma.

Mwanafalsafa Nietzsche, katika kitabu kilichotoka mwaka 1889, alimshitaki kuwa amegeuza matokeo yakawa sababu: kwamba alikula kidogo kwa kuwa mwili wake haukuhitaji zaidi. Hoja hiyo ina haki yake, na matabibu wa leo wataongeza kuwa mzee anayepunguza chakula mno hupoteza nyama za mwili, akaanguka hata kwa kujikwaa kidogo. Basi msomaji mwenye mzazi mzee nyumbani asimpimie wakia za Cornaro. Amwachie ngazi zake apande, shamba lake alitazame, na wajukuu wamzunguke, na juu ya chakula amwulize tabibu anayeujua mwili wake.