Kutulia na Kulegea: Maumivu ya Mzazi Aliyepasuliwa, toka Bunyoro hata Ufipa

Katika nchi za maziwa makuu, kumpasua mzazi ili mtoto atoke hakukuanzia hospitali. Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Robert Felkin alishuhudia kazi hiyo, na habari yake ikapigwa chapa Edinburgh mwaka 1884. Mzazi alinyweshwa pombe ya ndizi hata akalewa nusu. Mpasuaji akanawa mikono na kuliosha tumbo kwa pombe hiyohiyo. Damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa sindano saba za chuma. Kisha ikapakwa mizizi iliyotafunwa, likawekwa juu yake jani la mgomba lililopashwa moto, na tumbo likafungwa kwa nguo ya gome. Saa moja baadaye mama alionekana ametulia. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona.

Wasomaji wa Ulaya walistaajabia kisu. Jani lenye joto lilistahili kustaajabiwa vilevile, kwa maana maumivu makubwa ya kazi hii huja baada ya kukatwa. Klorofomu, ambayo James Young Simpson alianza kuwapa wazazi mwaka 1847 katika mji huohuo wa Edinburgh, humaliza nguvu zake mgonjwa aamkapo.

Utabibu wa kizungu uliingia pande za Ufipa kupitia misheni. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani na kusomea uganga Malta, alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu huko hata alipofariki mwaka 1956. Hospitali moja ya Sumbawanga ina jina lake.

Mwaka 1933 Grantly Dick-Read alifundisha Uingereza kwamba hofu hukaza mwili, na mwili uliokazwa huzidisha uchungu wa kuzaa. Kwa mzazi aliyeshonwa njia ni hizi: kuvuta pumzi na kuitoa polepole, kukaza misuli ya miguu au mikono kisha kuiachia, na kuukumbatia mto juu ya mshono anapotaka kukohoa. Haziondoi haja ya dawa.

Ugumu uliobaki ni wa lugha. “Legea” humkaribia mlegevu, yaani mvivu. “Tulia” ndilo neno aambiwalo mtoto mwenye kelele, na mama mwenye maumivu aweza kulisikia kama amri ya kunyamaza. Kwa Mfipa aliyejifunza Kiswahili shuleni au sokoni, hatari hiyo si ndogo. “Shusha pumzi” ni neno jema zaidi: lasema la kufanya, wala halimkatazi mtu kulia.