Sambusa, Chapati na Chai: Historia ya Meza ya Mkahawani katika Vitongoji vya Bukavu

1. Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua athari ya Asia katika mikahawa ya Bukavu asianze na mabango ya milangoni, kwani hayatamsaidia sana. Na aketi asubuhi kwenye benchi la mbao karibu na soko la Kadutu, asikilize wateja wanavyoagiza: chai, chapati, sambusa. Jioni, katika mitaa ya Ibanda, atasikia tena pilau, kachumbari na pilipili. Maneno yote haya yalipitia Asia kabla ya kufika kwenye ziwa Kivu, na hakuna mteja anayeyaona kuwa ya kigeni.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea. Hoja yake kuu ni kwamba mjini Bukavu chakula chenye asili ya Asia hakikuenezwa na mkahawa wa Mwasia. Kilifika kwa lugha na kwa biashara, kikapita mikono mingi, kikabaki hata pale ambapo watu waliohusishwa nacho walinyang'anywa maduka yao.

2. Ushahidi wa maneno

Historia ya vyakula vya wananchi haikuandikwa sana katika nyaraka za utawala. Kwa hiyo msamiati ni ushahidi usiopaswa kudharauliwa.

Tuchukue neno sambusa. Asili yake ni Kiajemi. Waarabu walilipokea wakaihifadhi sauti ya b iliyomo. Katika lugha za India ya kaskazini likawa samosa, b ikiwa imepotea. Nchini Kenya maumbo yote mawili husikika, na hilo la pili lilitokana na Wahindi na kuenezwa na Kiingereza. Bukavu, kama Bujumbura, hutumia sambusa. Umbo hili linaonyesha kwamba neno lilisafiri na Kiswahili cha pwani, ambacho kilikuwa kimeonana na Waarabu na Waajemi kwa karne nyingi. Halikutoka moja kwa moja katika jiko la Mhindi.

Chapati ina habari tofauti. Jina lake ni la Kihindi bila shaka. Lakini nchini India chapati ya kila siku ni mkate mwembamba unaookwa juu ya chuma kikavu, bila mafuta. Ile ya Afrika ya Mashariki hupakwa mafuta, ikaviringwa, ikasukumwa tena na kukaangwa hadi ikawa na matabaka. Huko India mkate wa namna hiyo huitwa paratha. Wapokeaji, basi, walichukua jina la mkate mmoja na umbo la mkate mwingine. Hawakunakili, bali walichagua.

Neno chai linafundisha zaidi. Wachina wana matamshi mawili makubwa ya jina la mmea huu. Moja, cha, lilipita njia za bara hadi Uajemi na India, likafika Afrika ya Mashariki kama chai. La pili, te, ni la watu wa pwani ya Fujian; Waholanzi walilibeba kwa meli hadi Ulaya, na Wafaransa wakapata thé. Mjini Bukavu njia hizi mbili hukutana: mtu yule yule huomba thé ofisini na chai sokoni, na kila mara hutamka neno lenye asili ya China.

Kuna pia neno ambalo Bukavu haikulipokea kwa maana ile ile. Nchini Kenya na Tanzania, hoteli ni mahali pa kulala, lakini pia ni kibanda cha chai na chakula. Matumizi hayo yanafanana na ya miji ya India, ambako hotel ni jina la kawaida la nyumba ya chakula. Bukavu imefuata Kifaransa: hoteli ni ya kulala, na pa kula ni restora. Vivyo hivyo mishkaki ya pwani huitwa huku brosheti. Inaonekana, basi, kwamba majina ya vyakula vya unga na vya viungo yalitoka mashariki, lakini jina la nyumba inayoviuza lilitoka kwa Wabelgiji. Tofauti hii si bahati tu, kama itakavyoonekana hapa chini.

3. Njia ya ziwa Tanganyika

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Mtaji wa misafara hiyo ulitoka kwa sehemu kubwa kwa wafanyabiashara Wahindi wa Unguja. Waliosafiri, hata hivyo, walikuwa hasa Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi. Huko Nyangwe na Kasongo walilima mpunga. Vita vya mwaka 1892 hadi 1894 viliuvunja utawala wao, lakini mpunga ulibaki mashambani na Kiswahili kilibaki midomoni.

Baadaye ilikuja njia ya pili. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1921 Ubelgiji ilikubaliwa na Uingereza kuwa na maeneo yake ya bandari Kigoma na Dar es Salaam. Bidhaa za Kivu zikapita huko, pamoja na wafanyabiashara wa Kiasia waliofungua maduka Usumbura, Uvira na katika mji ambao tangu 1927 uliitwa Costermansville, kabla ya kurudishiwa jina la Bukavu katika miaka ya 1950.

4. Meza iliyogawanywa

Mji wa kikoloni uligawanya watu kwa rangi, na mahali pa kula paligawanywa hivyo hivyo. Wazungu walikaa kwenye rasi zinazoingia ziwani, katika Ibanda ya leo. Waafrika waliwekwa Kadutu, kisha Bagira. Waasia walikuwa tabaka la kati: waliruhusiwa kufanya biashara, lakini hawakuhesabiwa kuwa sawa na Wazungu. Huko Bujumbura mgawanyo huo bado unasomeka katika jina la mtaa uitwao Quartier Asiatique, ambao hauko mbali na Buyenzi, mtaa wa Waswahili.

Katika mfumo huo, restora ilikuwa nyumba ya Mzungu. Mwafrika aliingia humo kama mpishi au mtumishi, si kama mteja, hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Ndiyo sababu neno lenyewe ni la Kifaransa. Chakula cha vitongoji kilikuwa na maisha mengine. Kiliuzwa barazani, sokoni na mlangoni pa nyumba, na wauzaji wengi walikuwa wanawake. Sambusa ilipikwa na familia za Waislamu wakati wa Ramadhani, na kutoka huko ikawafikia majirani wa dini nyingine. Hapakuhitajika bango wala leseni ya restora.

5. Kufukuzwa kwa mwenye duka

Mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu naye alitangaza kwamba biashara za wageni nchini Zaire zingepewa raia. Maduka ya Wagiriki, Wareno, Wahindi na Wapakistani yalichukuliwa. Mengi yalifilisika mikononi mwa waliopewa, na kufikia mwaka 1976 serikali ilikuwa inajaribu kuwarudisha wenyewe.

Jambo moja halikutajwa katika matangazo hayo, nalo ni chakula. Uganda chapati haikuondoka na ndege za mwaka 1972. Baadaye iliviringiwa mayai ikaitwa rolex, na leo inajulikana nchi nzima. Bukavu vilevile, aliyekaanga sambusa kabla ya 1973 aliendelea kukaanga. Amri ya rais iliweza kuhamisha ufunguo wa duka kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Chapati haikuwa na ufunguo wa kuhamishwa, kwa kuwa ilikwisha kuwa ya watu wenyewe.

6. Hitimisho

Eneo la Kivu limeumizwa mara nyingi na swali la nani mwenyeji na nani mgeni. Katika swali hilo watu wamepoteza mali, na wengine wamepoteza maisha. Meza ya Kadutu haiwezi kutatua ugomvi wa namna hiyo, wala isidhaniwe kwamba kula chakula cha jirani ni sawa na kumpenda jirani: mwaka 1973 yaliweza kuchukuliwa maduka ya watu ambao mikate yao ilikwisha kuliwa kwa furaha.

Hata hivyo, historia hii inakanusha jambo moja, yaani dhana kwamba kilicho chetu ni kile tu kilichozaliwa hapa. Sambusa ilizaliwa Uajemi, chai China, pilau ilikuja na misafara, na hata mti wa pilipili inayounguza ulimi ulitoka Amerika. Vyote hivi ni vya Bukavu leo, kwa sababu kuna watu waliovipika, wakavipa sura mpya na kuvitaja kwa lugha yao kila siku. Majina ya watu hao, wengi wao wanawake wa sokoni, hayamo katika nyaraka. Wazee wao bado wapo, na wanakumbuka nani alimfundisha nani kusukuma unga. Kazi ya kuyakusanya masimulizi hayo inawangoja wanafunzi wa historia na wa isimu, na haiwezi kungoja muda mrefu.