Wakati Uliokwisha wa Kihispania

Katika hablé, irabu moja ya mwisho inatosha kueleza mambo matatu: mtendaji ni mimi, wakati umepita, na tendo limekwisha. Kiswahili hugawa kazi hiyo, ni- ikashika nafsi na -li- ikashika wakati: nilizungumza. Kihispania hukusanya vyote mwishoni: hablé, hablaste, habló, hablamos, hablasteis, hablaron. Vitenzi vya -er na -ir vina miisho ya pamoja: comí na viví, comió na vivió. Alama iliyo juu ya irabu nayo si pambo, kwani hablo ni "ninazungumza" na habló ni "alizungumza".

Kanuni ni nyepesi. Kizito ni jina. Vitabu vingi vya Uhispania huuita wakati huu pretérito indefinido, yaani uliopita usio bayana. Usio bayana vipi, ilhali ndio unaotaja jambo lililofungwa mwanzo na mwisho? Sarufi za zamani za Kifaransa ziliuita wakati wao unaolingana na huo passé défini, uliopita bayana: kinyume kabisa! Akademia ya Kifalme ya Uhispania sasa husema pretérito perfecto simple. Hilo nalo lina mtego, maana Mswahili akisikia perfecto atakimbilia -me-, na -me- iko karibu zaidi na he hablado.

Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas, alipotoa sarufi yake nchini Chile mwaka 1847, alitosheka na pretérito. Hablaba akaiita copretérito, wakati unaokwenda sambamba na tendo jingine lililopita: hablaba cuando entraste, nilikuwa nikizungumza ulipoingia. Hapo jina linaifundisha kazi kabla mwalimu hajafungua kinywa, na ndiyo sababu namheshimu Bello kuliko wanasarufi wengi waliomfuata.

Hata hivyo, nililolipenda zaidi ni la kale. Mwaka 1492, katika sarufi iliyochapishwa Salamanca, Antonio de Nebrija aliandika passado acabado kwa hablé, na passado no acabado kwa hablaba. Hayo ni maneno ya kila siku, ambayo hata asiyejua Kilatini angeyaelewa.

Walimu mnaofundisha Kihispania kwa Kiswahili, nawaomba mliache hilo indefinido hadi baadaye. Siku ya kwanza andikeni ubaoni "uliopita uliokwisha" na "uliopita uliokuwa ukiendelea", kisha ndipo mwanafunzi akariri miisho.